Mkojo wa masaa 24 unasema 0.42, uwiano unasema 0.81: nishike kipi kwa mgonjwa wa lupasi?

Zamu_ya_Usiku:
Habari wakuu. Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 31, kilo 60, ana lupasi (kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe), yuko kwenye dawa ya haidroksiklorokwini. Kijiti cha kupimia mkojo kimeonyesha protini 2+. Mkojo wa kwanza wa asubuhi umetoa protini 96 mg/dL na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) 118 mg/dL, uwiano wa protini kwa kreatinini 0.81. Akaagizwa kukusanya masaa 24. Ujazo umekuja ml 700, protini 60 mg/dL, kreatinini 74 mg/dL, yaani jumla ya protini gramu 0.42. Kikomo cha kufikiria kuchukua kipande cha figo ni gramu 0.5 kwa siku. Hana homa, hana hedhi, hana maambukizi ya mkojo. Je, asubiri miezi mitatu apimwe tena?

Benchi_la_Maabara:
Mkuu, kabla ya kuangalia protini ya kidumu cha masaa 24, angalia kreatinini yake. 74 mara desilita 7 ni mg 518. Mwanamke hutoa takriban mg 15 hadi 20 za kreatinini kwa kila kilo kwa siku (mwanaume 20 hadi 25). Kwa kilo 60 ulipaswa kuona angalau 900. Hapo kuna kama siku nusu tu ya mkojo, na nyingine imeishia chooni.

Sasa gawanya 420 kwa 518. Unapata 0.81, ileile ya asubuhi. Vipimo vyako havipingani hata kidogo, ila mkojo haukutimia. Ukizidisha 0.81 kwa kreatinini ya 900 unakaribia gramu 0.73 kwa siku. Huyo kavuka kikomo.

FigoMbili:
Nakubaliana, lakini hakikisha jambo moja. Hesabu hiyo inadhani misuli yake ni ya kawaida. Mgonjwa aliyekonda sana, au aliyekaa muda mrefu kwenye prednisoloni (steroidi) hadi misuli ikaisha, hutoa kreatinini kidogo kwelikweli. Kwake uwiano hupanda juu kuliko hali halisi, na 0.42 ingeweza kuwa kweli. Mtazame mapaja na mabega, halafu muulize alikojoa mara ngapi siku ile na wapi.

Angalia pia fomu imeandikwa nini. Maabara nyingine hupima albumini (aina moja tu ya protini) kwa kreatinini badala ya protini yote, na namba hizo mbili hazilinganishwi. Na vipimo vikija kwa mg/mmol, gawanya kwa 113 ndipo upate gramu kwa gramu. Mtu akisoma 92 mg/mmol kama vile ni mg/g, atamwambia mgonjwa yuko salama kumbe ni huyuhuyu wa 0.81.

Zamu_ya_Usiku:
Ahsanteni sana. Misuli iko vizuri, na steroidi hajawahi kutumia. Nimemuuliza: alikojoa mara mbili kazini bila chombo, na kila alipokwenda haja kubwa mkojo ulipotea. Arudie vipi? Na baadaye naweza kumfuatilia kwa kijiti tu?

Benchi_la_Maabara:
Makosa hayo mawili ndiyo tunayoyaona kila mara. Mwambie hivi: saa 12 asubuhi akojoe na kumwaga, aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kidumuni, pamoja na mkojo wa saa 12 asubuhi ya kesho yake. Haja kubwa ikimjia, akojoe kwanza kwenye chombo. Apewe kidumu cha lita 3 na kikopo cha kubebea, achague siku asiyokwenda kazini, kidumu kikae kwenye friji au boksi la barafu. Maabara ipime ujazo wote na kuchanganya vizuri kabla ya kuchota sampuli, kisha ipime protini na kreatinini kutoka humohumo. Uwiano wa mkojo uliokusanywa ndio wa kuaminika zaidi, kwa sababu uwiano wa kikojo kimoja hubadilika siku hadi siku.

Kijiti hapana. Kinaona zaidi albumini, tena kwa wingi wake ndani ya mkojo wa wakati ule. 1+ kwenye mkojo mwepesi wa 1.005 (uzito wake ukilinganishwa na maji) ni nzito kuliko 1+ kwenye mkojo wa 1.030. Mkojo wenye alkali nyingi nao hukidanganya. Kitumie kuchuja tu.

FigoMbili:
Wakati anarudia, mkojo mpya upigwe sentrifuji na kutazamwa kwa hadubini ndani ya masaa 2, kabla silinda za chembe nyekundu (vijimirija vya chembe za damu vinavyoundwa ndani ya figo) hazijayeyuka. Ongeza kreatinini ya damu, C3 na C4 (protini za kinga kwenye damu) na kingamwili za dsDNA (zinazoshambulia DNA ya mwili wenyewe). Lakini rufaa kwa bingwa wa figo andika leo, usingoje kidumu cha pili. Akianza matibabu ya figo, protini inatarajiwa kushuka angalau robo ndani ya miezi 3 na nusu ndani ya miezi 6, kwa hiyo namba ya kuanzia iwe safi, na apimwe maabara ileile kila mara.