Baada ya chuo: klabu, urefa au kufundisha? Naomba ulinganisho

Kitara cha Pwani
Ndugu zangu, nimemaliza chuo hapa Marekani baada ya miaka minne ya kucheza vitara (fencing), upande wa epee, moja ya silaha tatu za mchezo huu, katika timu ya wanafunzi. Chuoni ukumbi, mashine za kuhesabia miguso na wenza wa mazoezi vilikuwepo bila mimi kuvitafuta. Sasa nimehamia mji mwingine kwa ajili ya kazi, na kila kitu ninakilipia na kukipanga mwenyewe. Ninapima njia tatu: klabu ya mjini, urefa, au kusaidia kufundisha watoto. Ni ipi iliyowadumisha ninyi mchezoni?

Refa wa Jumamosi
Nilichagua urefa kwa sababu ada ya klabu inakutoka kila mwezi, ilhali refa hulipwa. Utahitaji uanachama wa USA Fencing, chama cha mchezo huu Marekani, mtihani, uchunguzi wa mwenendo wako na mafunzo ya kuwalinda watoto. Wewe wa epee ujiandae zaidi, maana katika silaha yako wawili wakigusana kwa pamoja kila mmoja hupata alama, lakini katika silaha nyingine mbili, foili na seba, refa ndiye anayeamua shambulio lilikuwa la nani, na jicho hilo haliji kwa kusoma kanuni pekee. Kasoro yake ni kubwa: siku ya mashindano unayoshika urefa ndiyo siku ambayo ungecheza. Baada ya misimu miwili nilijua mchezo kuliko zamani, ila miguu yangu ilikuwa imeusahau.

Mama Epee
Mwanangu, anza na klabu. Mimi niliacha nilipohitimu, nikarudi nikiwa na miaka 41 katika kundi la wakongwe, linaloanzia miaka 40, ambako pambano la mtoano huishia miguso 10 badala ya 15. Ninaifurahia kila Jumanne yangu, lakini miaka ile ya katikati bado inaniuma. Usidhani kwamba mashindano ni ya mabingwa tu: madaraja ya wachezaji yanatoka A, la juu kabisa, hadi E, na wasio na daraja huitwa U; mashindano ya Divisheni ya Tatu hupokea D kushuka chini, na ya Pili hupokea C kushuka chini. Kabla ya kulipa, uliza watu wazima hucheza jioni gani, kwa kuwa klabu nyingi hujaa watoto alasiri, nawe hutapata mwenza wa kimo chako.

Mwalimu wa Zamu
Kufundisha peke yake sikushauri kwa aliyetoka chuo jana, kwa kuwa utapunguza kasi yako ili mtoto aweze kukufuata. Hata hivyo, omba kusimamia darasa la wanaoanza ili upunguziwe ada. Klabu yangu ilinikubalia. Na ukirudi Kenya siku moja, ujuzi huo utahitajika: Alexandra Ndolo, aliyepata medali ya fedha ya dunia katika epee mwaka 2022 akiichezea Ujerumani, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Paris 2024, na vijana wanaomtazama wanahitaji wa kuwafundisha hatua za kwanza.

Kitara cha Pwani
Shikamoo Mama, na asanteni nyote. Nimeipigia klabu moja simu: watu wazima hukutana Jumanne na Alhamisi saa moja usiku, na wanaoshika epee ni sita. Nitakwenda Jumanne. Urefa nitausomea msimu ujao, kwa mashindano ya watoto tu, ili usigongane na siku zangu za kucheza.