Kujitolea porini masika: tumechangishwa hela ya chakula halafu tukalala na siafu

Wakuu habari za muda huu. Nilishaamua kukausha ila juzi nimeona tangazo la wale jamaa waliotupeleka porini limerudi kwenye magrupu ya WhatsApp, nafasi za kujitolea kwenye uhifadhi, kuripoti tarehe 1 mwezi wa nne. Mwezi wa nne!! Hapo ndio nikasema leo naandika.

Mimi nilienda Aprili 2024, pori moja ukanda wa Rufiji, jina naliacha. Mnaokumbuka ule mwaka mnajua, mvua za elnino, mto umefurika, watu wa Rufiji na Kibiti wamepoteza nyumba na mashamba, halafu mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya nacho kikaja barabara ya Lindi ikakatika. Na hoteli nyingi za kitalii kule zinafungwa Aprili na Mei kila mwaka kwa sababu magari hayapiti. Yaani mzungu mwenye dola anaambiwa asije, sisi watoto wa wakulima tunachangishwa 150,000 kila mmoja tunaambiwa njooni mpate uzoefu.

Uzoefu wenyewe sasa. Njia ya Kibiti kwenda Mloka ule udongo mweusi ukilowa sio barabara tena, ni uji. Lendikruza moja, winchi mbovu, tumekwama saa nane mchana mpaka kesho yake saa tatu asubuhi, tunakata matawi tunasukumia chini ya matairi, ukinyanyua mguu unanyanyua na shamba. Kiatu cha jamaa yetu mmoja mpaka leo kiko pale.

Kambini mahema yamechoka, yamepigwa bondeni, maji yanaingilia chini. Na ardhi ikijaa maji siafu wanahama, sasa wahamie wapi kama sio kwenye hema? Usiku wa manane watu sita tuko nje na bukta tunachomoana siafu, mvua inapiga, na viboko tunawasikia wanakoroma hapo hapo maana mto ulishawasogeza. Waliotuokoa ni askari wa doria (hao nawapa heshima zao, wanalipwa kidogo wanajua mengi), wakatuhamishia mwinukoni, wakatuonyesha kuchimba mfereji kuzunguka hema na kumwaga majivu. Bosi yuko Dar, anapiga simu kuuliza fomu za kuhesabu wanyama tumejaza ngapi.

Wanyama gani?? Masika kila shimo lina maji, mnyama anafuata nini mtoni? Nyasi zimekupita kichwa, nyati utamgonga na pua ndio umuone. Mtu yeyote aliyesoma wanyamapori anajua sensa inafanywa kiangazi, na hawa wamesoma, wanajua kabisa, wanachotaka ni picha za vijana kwenye tope wawatumie wafadhili.

Wawili wetu walipata malaria, hela ya dawa mfukoni mwao. Cheti tuliambiwa wiki mbili, mpaka leo naambiwa kinasainiwa.

Mnaotaka kuomba, ulizeni kwanza gari zipo ngapi, nani anakutoa ukiumwa njia ikifungwa, na kwa nini isiwe mwezi wa saba.

Na yule dereva aliyeazima gambuti zangu siku ya kuondoka, nilinunua 25,000 kwa hela yangu, kama uko humu njoo PM bro, nazihitaji.