Wimbo wa kwaya una jina YAHWE, ni kosa kuuimba kwenye Misa? Naomba ushauri haraka

Tena_wa_Muyeye:
Tumsifu Yesu Kristu wanauzi, na wa dini zingine salamu zenu pia. Kuna jambo linaninyima usingizi. Kuna wimbo wa kwaya umetungwa hapa Malindi, mzuri sana, kiitikio chake kinataja jina YAHWE tena na tena. Sasa nasikia watu wanasema Mkatoliki haruhusiwi kuliimba hilo jina kwenye Misa. Swali langu ni moja tu, jina la Mungu lililo ndani ya Biblia linakuwaje kosa kulitaja kanisani? Mwenye kujua anijibu kabla ya Jumamosi tafadhali.

Mshindi_KisumuNdogo:
Bwana asifiwe! Ndugu hilo wala si la kuomba ushauri, imba. Sisi kwetu tunaita Yehova Yire, Yehova Nisi, Yehova Rafa mpaka asubuhi na mkono wake tunauona. Mamangu alipolazwa madaktari wakatuambia tujiandae, tulikesha kwenye benchi nje ya wodi tukiliita hilo jina, leo anauza samaki wake sokoni kama kawaida. Nyinyi mnaongozwa na taratibu nyingi mpaka Mungu anawekewa ratiba.

Dereva_TukTuk:
Jumamosi kuna nini? Mbona hapo umepita mbio kama unakimbia trafiki?

Kadzo_Ganda:
Mimi nyanya yangu hakujua Yahwe wala Yehova. Alikuwa anaamka alfajiri anasimama mlangoni anamwita Mulungu, anataja watoto wake wote mmoja mmoja, waliokufa na walio hai, halafu ndo anawasha moto. Baadaye alibatizwa akapewa jina la Kizungu na bado alisali vile vile kwa Kigiriama. Sidhani kama Mungu aliwahi kukosa kumsikia. Kwa hivyo mimi hata sioni ugomvi uko wapi.

Amani_Watamu:
Mimi ni Shahidi wa Yehova na sijifichi. Nafurahi sana ndugu umeuliza. Yesu mwenyewe kwenye Yohana 17:6 anasema jina lako nimewadhihirishia watu wale ulionipa, na alitufundisha kusali jina lako litukuzwe. Utalitukuzaje jina usilolitaja? Fungua Biblia yako hiyo hiyo ya Union Version, Zaburi 83:18, utalikuta YEHOVA kwa herufi kubwa. Hata sisi jina letu tumelichukua kutoka Isaya 43:10, tangu ule mkutano wa Columbus, Ohio, mwaka 1931. Karibu tuzungumze wakati wowote.

Mwalimu_Mstaafu:
Vijana tulizeni roho tuelewane, jambo hili ni zito na ni zuri. Jina lenyewe ni herufi nne za Kiebrania, kwa herufi zetu YHWH, na Agano la Kale limeliandika zaidi ya mara 6,800. Halikuwa siri hata kwa maadui wa Israeli, maana lile jiwe la Mesha mfalme wa Moabu, la karne ya 9 kabla ya Kristo, ambalo leo liko kwenye makumbusho ya Louvre kule Paris, limeliandika. Musa aliambiwa kwenye Kutoka 3, hili ndilo jina langu hata milele.

Lakini miaka ilivyozidi kwenda Wayahudi wakawa wanaogopa kulitamka, kwa ile amri ya usilitaje bure, likabaki la hekaluni, kuhani mkuu akilitaja Siku ya Upatanisho. Warumi walipobomoa hekalu mwaka 70 hata hapo pakafungwa. Msomaji akifika penye zile herufi nne anasoma Adonai, yaani Bwana. Karne nyingi baadaye wale waandishi waliotia irabu kwenye maandiko wakazipa herufi hizo irabu za Adonai, kumkumbusha tu msomaji aseme Bwana, Wakristo wa Ulaya wakazisoma zote pamoja na hapo ndipo Yehova ilipotoka. Tyndale, mtafsiri wa Biblia kule Uingereza, akaitia kwenye Kiingereza mwaka 1530. Yahwe nayo ni makisio ya wasomi, na mimi naona ni makisio mazuri, ila ni makisio.

Sasa wewe kijana wa Muyeye, kuna kitu hujasema. Padri wako amesemaje?

BintiShela:
Assalaam aleikum. Mimi ni Mwislamu wa Lamu, mtanisamehe kuingilia yenu. Kwetu sisi Mwenyezi Mungu ana majina mazuri 99 na twayataja sana, kwenye uradi, kwenye dua, mtoto akianguka, chungu kikimwagika. Kutaja si kosa. Lakini heshima yake ni kubwa mno. Marehemu babangu akiona karatasi barabarani ina jina la Allah, hata awe amebeba mizigo mikono yote miwili, ataitua chini aiokote ile karatasi aipachike juu ya ukuta isikanyagwe. Mara moja nilimwona anaitoa ndani ya mtaro, akaipangusa kwa kanzu yake. Hao Mayahudi anaowasema mwalimu mie nawaelewa kabisa.

Mwalimu_Mstaafu:
Bi Shela umenigusa moyo. Na wao wana desturi hiyo, karatasi chakavu yenye jina la Mungu haitupwi, inawekwa chumba chake ndani ya sinagogi mpaka izikwe. Kule Cairo, kwenye sinagogi ya Ben Ezra, chumba kama hicho kilikutwa kimejaa maandiko ya mamia ya miaka. Lakini bado namngoja kijana anijibu.

Tena_wa_Muyeye:
Shikamoo mwalimu. Sawa nitasema. Mtunzi ni mimi. Fadha aliniita baada ya mazoezi akaniambia wimbo ni mzuri lakini hilo jina nilitoe, niweke Bwana au Mungu, akasema kuna barua ilitoka Roma. Mimi nikanyamaza, sikukataa wala sikukubali. Sasa Jumamosi tunaingia studio Mombasa, depoziti nishatuma kwa M-Pesa, na fulana za kwaya zishachapwa YAHWE mgongoni. Lakini naomba mnielewe, ule wimbo niliupata nikisoma Kutoka 6:3, kwa jina langu YEHOVA sikujulikana kwao, nililia kabisa siku ile. Mungu amejificha kwa Ibrahimu halafu anakuja kumwambia Musa mimi naitwa hivi. Huwezi kuniambia niifute hiyo niweke cheo tu, hata chifu ni bwana, hata mwenye nyumba ni bwana.

Dereva_TukTuk:
Hahaa kumbe! Depoziti imeenda, fulana zimechapwa, abiria ashapanda ndo anauliza gari inaenda wapi.

Kadzo_Ganda:
Depoziti ni pesa ya nani?

Tena_wa_Muyeye:
Ni ya kwaya. Na kwaya wanajua kama tunaenda studio.

Kadzo_Ganda:
Wanajua Fadha alisema nini?

Mshindi_KisumuNdogo:
Mwacheni kijana, hapo ndipo Roho anapozimwa. Njoo kwetu uimbe bila barua ya mtu.

Nyundo:
Mimi nimesoma uzi wote na nasema umetungwa. Angalieni wenyewe. Mtu kajiunga wiki hii, hana uzi mwingine, anamwaga aya, na Shahidi anatokea fasta na aya zake tayari mkononi. Huyu ni mtu mmoja ana akaunti mbili. Au ni wa hiyo studio anapigia wimbo debe kabla haujatoka. Kesho mtaletewa linki.

Amani_Watamu:
Ndugu Nyundo mimi niko hapa tangu zamani, huwa naandika mambo ya uvuvi na bei ya ngisi, tafuta utaona. Sina haja ya kujificha ili nitaje jina la Yehova.

Tena_wa_Muyeye:
Nimeumia kusema kweli. Mtu yuko kwenye shida anaambiwa anatangaza biashara. Linki yoyote sileti, hata jina la kwaya sijalitaja.

Mzee_Kinanda:
Hili ni rahisi. Mimi nimepiga kinanda kanisani maisha yangu yote. Kijana, andika sol-fa ya kiitikio hapa, zile noti za do re mi, mistari miwili tu. Mtunzi wa uongo atatoroka.

Tena_wa_Muyeye:
Sawa. Maneno ni "Yahwe, Yahwe, twainua mikono". Sauti ya kwanza:
| s : – | d' : – | s : – | d' : – |
| d' : t | l : s | l : t | d' : – |
Sauti ya tena (ya wanaume, juu ya besi) inaingia "Yahwe" ya pili:
| m : – | s : – |
Besi inakaa d chini mpaka "twainua" halafu inashuka s. Pale "we" sauti ya kwanza inashikilia juu, na ndipo wimbo ulipo.

Mzee_Kinanda:
Huyu ni mwalimu wa kwaya, Nyundo weka nyundo chini. Sasa nisikilize mwanangu. Yahwe ina silabi mbili. Bwana ina silabi mbili. Noti hata moja haihami. Halafu ile d' ya juu unayoipenda, umewapa akina mama waishikilie kwa "e", mdomo umebanwa. Ukiweka "na" kinywa kinafunguka na sauti inatoka nzima. Jaribu na wale wa sauti ya kwanza usiku huu kabla hujanijibu.

Mwalimu_Mstaafu:
Kweli bwana Kinanda, na mimi niongeze yangu. Hiyo barua ipo, ni ya 29 Juni 2008, imetiwa saini na Kardinali Francis Arinze, Mnigeria, aliyekuwa akisimamia mambo ya ibada Vatikani. Inahusu liturujia, kwamba kwenye nyimbo na sala za ibada lile jina la herufi nne lisitumike wala kutamkwa. Haikusema ni jina baya, wala haikukukataza kulisoma na kulia chumbani kwako.

Na sababu yake ndiyo ningependa uibebe, maana umesema Bwana ni cheo tu. Wayahudi walipotafsiri maandiko kwa Kigiriki kule Misri, yako mapande ya zamani yenye zile herufi nne za Kiebrania katikati ya maneno ya Kigiriki, lakini nakala zilizotufikia kwa Wakristo zinasema Kyrios, Bwana. Na Agano Jipya la Kigiriki, nakala zote tulizo nazo, hakuna hata moja yenye zile herufi nne, ndugu yangu wa Watamu hapo tutatofautiana kwa amani. Sasa chukua Yoeli 2:32, atakayeliita jina la BWANA ataponywa, pale Kiebrania kina zile herufi nne. Paulo anaichukua aya hiyo hiyo kwenye Warumi 10:13, na ukisoma kuanzia mstari wa 9 Bwana anayemsema ni Yesu. Wafilipi 2 vile vile, amekirimiwa Jina lile lipitalo kila jina, kila ulimi ukiri ya kuwa YESU KRISTO NI BWANA. Huyo chifu wako hakuna aliyempigia goti mbinguni. Kwaya ikisimama kwenye Misa ikaimba Bwana, inamweka Yesu ndani ya lile lile jina lililokuliza. Mimi hapo sioni umepungukiwa.

Amani_Watamu:
Tutatofautiana kwa amani mwalimu, lakini umeeleza kwa heshima, asante.

BintiShela:
Na mie nauliza hizo fulana. Jina la Mungu mgongoni, kijana ataketi nalo, atalitokea jasho, ataingia nalo chooni. Mwanangu hilo hamkulifikiria?

Tena_wa_Muyeye:
Bi mkubwa fulana sibadilishi, pesa ishaenda na chapa yake ni nzuri. Tutavaa siku ya kurekodi tu, pale kwenye kanisa dogo la Wareno tukichukua video, lile ambalo Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita 1542 akielekea India. Nimewajaribisha akina mama watatu jirani wimbo kwa "Bwana". Sauti imefunguka, siwezi kukataa. Lakini nataka nirekodi mara mbili, ya Misa na Bwana, ya nje ya Misa na Yahwe. Mwalimu barua inakataza hiyo?

Mwalimu_Mstaafu:
Barua inazungumzia ibada. Ya nje ya ibada muulize padri wako, na umuulize kabla ya Jumamosi.

Kadzo_Ganda:
Na kwaya uwaambie wao pia, yote. Hao akina mama waliuza mahamri mlangoni mwa kanisa kila Jumapili kupata hiyo depoziti.

Tena_wa_Muyeye:
Umejuaje ni mahamri?

Kadzo_Ganda:
Kwani kwaya gani hapa Malindi haiuzi mahamri.

Tena_wa_Muyeye:
Fadha yuko kigangoni mpaka Ijumaa, anarudi kwa Misa ya jioni. Nitamngoja pale sakristia. Mazoezi ni baada ya hapo, nitawaeleza na wao.

Mzee_Kinanda:
Vizuri. Sasa leta besi yote hapa kabla hujaenda, kwa sababu kwenye "mikono" naona itagongana na tena, na studio hawatakwambia.