Msuguano tuli: kwa nini napata mchapuko hasi wakati jibu ni sifuri?

mwinamo30
Wakuu, naomba msaada kwa swali hili la mekanika. Boksi A la kilo 4 liko kwenye mwinamo wa nyuzi 30. Limefungwa kamba inayopanda sambamba na mwinamo, inapita juu ya kapi lisilo na masi wala msuguano, na upande wa pili unaning'inia mzigo B wa kilo 3. Koefisienti ya msuguano tuli ni 0.40, ya msuguano wa mwendo 0.30; g = 9.81.

(a) Nimechukulia B unashuka. Kani ya uso wa mwinamo kwa boksi, N = 4 × 9.81 × cos 30° = 33.98 N, msuguano = 0.40 × 33.98 = 13.59 N. Halafu (29.43 − 19.62 − 13.59) ÷ 7 = −0.54. Nikasema alama hasi maana yake A linateleza kushuka kwa 0.54 m/s². Jibu wanasema mchapuko ni 0 na msuguano ni 9.81 N. Hiyo 9.81 imetoka wapi?

(b) B unakuwa kilo 4. Nimeweka mvutano wa kamba = 39.24 N nikapata 2.36 m/s². Jibu ni 1.18, yaani nusu ya langu.

fundi_vekta
N yako iko sawa, na 19.62 iko sawa. Tatizo la (a) ni kwamba μN (koefisienti μ mara N) ya msuguano tuli umeichukua kama ndio msuguano wenyewe, wakati hiyo ni dari yake tu. Msuguano tuli hutoa kiasi kinachohitajika kulizuia boksi lisisogee, basi, mradi kisizidi 13.59 N.

Kwa hiyo usianze na mchapuko. Anza kwa kuchukulia kila kitu kimetulia. B ukitulia, kamba inavuta 29.43 N. Uzito wa A unavuta 19.62 N kushuka mwinamo. Inabaki 9.81 N ya kulipandisha boksi, na anayebaki kuizuia ni msuguano peke yake: 9.81 N kuelekea chini. Iko ndani ya 13.59? Imo. Boksi halisogei, swali limekwisha. (Kufanana na g kumetokea tu: 3 − 4 × 0.5 ni kilo 1 kamili.)

Sasa hiyo alama hasi, kwa sababu inawapoteza wengi. Kwenye mlinganyo wako 13.59 inaelekea chini ya mwinamo, kwa kuwa ulichukulia A linapanda. Ukisema tena A linashuka kwa 0.54, utakuwa na msuguano unaolisukuma boksi kule kule linakokwenda, na msuguano wa mteremko uliotulia hauwezi kufanya hivyo. Pasipo msuguano, alama hasi inageuza mwelekeo tu na namba inabaki. Penye msuguano, dhana yako imevunjika na lazima uandike mlinganyo upya. Jaribu upande wa pili uone: 19.62 − 29.43 − 13.59, nayo ni hasi. Haliwezi kupanda, haliwezi kushuka.

kamba_moja
Kwa (b): mvutano (T) unalingana na uzito wa B pale tu B usipokuwa na mchapuko. Kwanza jaribio lile lile: 39.24 − 19.62 = 19.62, imepita 13.59, kwa hiyo linasogea. Hapo unaiacha 0.40 na kutumia 0.30: msuguano 10.19 N. Chora mchoro wa kani wa A peke yake na wa B peke yake, chanya ikifuata kamba (A kupanda, B kushuka):

A: T − 19.62 − 10.19 = 4a
B: 39.24 − T = 4a

Jumlisha, T inatoweka: 9.43 = 8a, a = 1.18 m/s², T = 34.5 N. Wewe uligawa 9.43 kwa kilo 4 za A, ukausahau B, ambao nao unapaswa kuchapushwa na uzito huo huo. Masi zao ni sawa, ndiyo maana ikawa nusu kamili.

Ukichagua juu kuwa chanya kwa vyote viwili, mchapuko wa B uandike −a. Alama nyingi za mtihani hupotelea hapo.

mwinamo30
Nimeelewa, asanteni sana. Je, B ukiwa kilo 2? Na kapi likiwa na masi?

fundi_vekta
Kilo 2: 19.62 − 19.62, msuguano ni sifuri, ingawa uso ni ule ule wa 0.40. Kwa ujumla A linatulia B ukiwa kati ya 4(sin 30° − 0.40 cos 30°) na 4(sin 30° + 0.40 cos 30°), yaani kilo 0.61 hadi 3.39. g haimo kabisa. Ukipata namba za ajabu, angalia kikokotoo kisiwe kwenye radiani: humo sin 30 ni −0.988.

Kapi lenye masi linaleta mlinganyo wa tatu, na mvutano haulingani tena pande mbili. Kwa diski ya kilo 2 (masi M, nusu kipenyo R), kamba isipoteleza juu yake, mvutano ukiwa T_B upande wa B na T_A upande wa A, (T_B − T_A)R = ½MR² × a/R. R inajifuta, inabaki T_B − T_A = ½Ma, sawa na kuongeza kilo 1 kwenye mfumo. Kwa (b): a = 9.43 ÷ 9 = 1.05 m/s², T_B = 35.05 N, T_A = 34.00 N. Hiyo tofauti ya 1.05 N ndiyo inayozungusha kapi.