Naomba ushauri: mradi wa afya wa kanisa unaisha, nifundishe wapya au niwarudie wa zamani?

Nuru ya Kitongoji:
Habari za jioni wakuu. Niko Kanda ya Kati ya Tanzania, huku kwenye mtama na mifugo. Kwa taaluma ni muuguzi, nimeajiriwa na kanisa kuratibu mradi wa afya ya jamii. Tumefundisha wahudumu wa kujitolea kwenye vitongoji: usafi, vikope (trakoma, ugonjwa wa macho), lishe ya mtoto, kuharisha, dalili za hatari kwa mjamzito. Wengi ni akina mama walioishia darasa la saba, na wanajituma kweli.

Mradi unafungwa Desemba na pesa iliyobaki inatosha jambo moja tu. Wafadhili, kanisa rafiki la Ulaya, wanataka darasa jipya vijiji vya jirani kwa sababu taarifa hupendeza idadi ikipanda. Huku wale wa kwanza wamepoa. Wanaulizia posho, wanasema mradi wa vyandarua uliopita uliwalipa kila kikao, iweje sisi tuwape soda na fulana.

Kubwa kuliko yote: wazee wa kanisa wameamua majina ya darasa jipya yatoke kwenye daftari la usharika, na kila ziara ya nyumba kwa nyumba imalizikie kwa sala na mwaliko wa ibada. Kijiji hiki karibu nusu ni Waislamu, na Wapentekoste nao wapo. Siku hizi kuna nyumba mhudumu akipiga hodi anaambiwa mama hayupo, na mama mwenyewe anaonekana uani anapepeta mtama.

Mwenyekiti wa kikao hicho ni mchungaji ambaye ndiye bosi wangu. Nifanyeje bila kupoteza kazi?

Kijana wa Posho:
Dada, posho ndiyo injili ya siku hizi. Lipa watu.

Mzee wa Zahanati:
Nimekuwa mganga mfawidhi wa zahanati za vijijini mpaka nikastaafu, nikuulize kwanza: hao wahudumu wako zahanati inawajua? Mama akipewa rufaa na mhudumu wako akafika dirishani, nesi anaelewa ametumwa na nani? Kama jibu ni hapana, darasa jipya litaongeza watu wengine wasiojulikana.

Kabla hujaamua fanya jaribio dogo. Waite wa zamani, mmoja mmoja, waambie wakutengenezee maji ya chumvi na sukari mbele yako. Vipimo unavijua: maji safi na salama lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Nimewahi kumkuta mhudumu mzuri tu, mwenye cheti ukutani, ameweka chumvi vijiko viwili na sukari kiduchu. Chumvi ikizidi hivyo unamuumiza mtoto ambaye tayari amekauka maji. Pakiti za ORS, zile za chumvichumvi zilizopimwa tayari, zikiwepo waelekeze huko, na wamkumbushe mama zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Hilo la zinki ndilo husahaulika upesi kuliko yote. Wakikosea wengi, umeshapata jibu la wafadhili.

Nuru ya Kitongoji:
Mzee shikamoo. Zahanati wanatufahamu kwa kusikia tu. Hatujawahi kukaa nao kikao.

Mzee wa Zahanati:
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Halafu nenda kwa mganga mkuu wa wilaya umuulize kuhusu mpango jumuishi wa serikali wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024. Ule unachagua watu kupitia mikutano ya wananchi, wanasoma miezi sita, wanalipwa posho. Wako uliowapa semina fupi hawawezi kujiita hivyo, ila wenye sifa waombe nafasi zikitangazwa. Usiwaahidi kitu.

Bibi Macho:
Hakuna aliyegusa vikope, na ndio ugonjwa wa huko kwetu. Mimi nimelelewa Kongwa, nimeona wazee wamepofuka kope zikiwakwaruza jicho. Dawa ya kumeza ilikuja, watu wakagawiwa, ni jambo jema. Lakini inzi na nyuso chafu za watoto vikibaki palepale, ugonjwa unarudi.

Sasa mhudumu anamwambia mama anawishe uso wa mtoto kila siku, wakati ndoo ile ameifuata tangu alfajiri na kiangazi kimekaza. Mama anaitikia kwa heshima, basi. Tuliposhindwa kwa maneno, mwalimu mmoja alichukua lita moja ya maji na kikombe, akawapanga watoto wa shule akawanawisha mmoja baada ya mwingine. Akina mama wakabaki wanahesabu. Siku ile watu wakaanza kufunga vibuyu chirizi, vile vya kunawia vinavyotiririsha maji kidogo kidogo, wengine kwa madumu ya mafuta ya kula yaliyotobolewa. Ukiwarudia wa zamani, usiwarudie na chati za ukutani. Wape vitu vya kufanya uani kwa mtu.

Abuu Swaleh:
Mimi ni Muislamu na kijijini kwetu mhudumu alikuwa Mlutheri. Mama yangu alimpenda kuliko shemeji zake. Alikuwa akija anabisha hodi, anaomba kadi ya kliniki, anamtazama mtoto, anaondoka. Siku moja akaja na kipeperushi cha mkutano wa injili. Mama akamwambia, "Mwanangu, karibu chai, ila leo sina mgonjwa." Alielewa.

Mkiwa mnataka watu wetu, nendeni kwa imamu. Siku ya chanjo ikitangazwa baada ya swala ya Ijumaa, akina baba ndio wanaowasukuma wake zao. Na kwenye majina ya darasa jipya mtuulize na sisi.

Mtheolojia Mkaidi:
Napingana kidogo. Sadaka ya waumini ndiyo inayolipa, kwa nini kanisa lisiseme lililo lake? Mnataka kanisa liwe shirika la maji.

Mchungaji wa Porini:
Mtheolojia, hakuna anayekuzuia kuhubiri Jumapili. Mimi nimechunga sharika za vijijini. Tume ya Kikristo ya Tiba, chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilianzishwa 1968, ikasaidia kuleta fikra za afya ya msingi zilizokubaliwa kwenye mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata 1978. Walichoona ni kwamba fedha nyingi za makanisa zilikuwa hospitalini huku watu wakiugua majumbani. Msamaria hakumuuliza yule majeruhi kadi ya usharika.

Dada Nuru, usimpinge mchungaji wako kwenye kikao. Mzee wa kanisa aliyeaibishwa mbele ya wenzake hageuki. Mfuate kwake jioni, umwambie nyumba ngapi zimefunga mlango tangu agizo lile. Mwombe akubali hivi: majina yapendekezwe na mkutano wa kitongoji, anayetaka kuombewa aombe mwenyewe.

Wanjala wa Busia:
Huku Kenya, Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya laki moja wakiwa na mikoba ya vifaa. Marupurupu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Hata hivyo hela huchelewa. Cha maana ni kwamba kiasi kinajulikana. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 lilipendekeza wahudumu walipwe na wawe na makubaliano ya maandishi. Kama hamwezi kulipa, andikeni hivyo, na kazi iwe ya saa chache kwa wiki. Mtu asidanganywe na fulana.

Nuru ya Kitongoji:
Nimewaelewa wote, hata Kijana wa Posho. Jumatatu naanza jaribio la maji ya chumvi na sukari, baadaye naandika barua kwa wafadhili: darasa jipya lisubiri, pesa iende kwenye marudio, baiskeli chache na vikao na zahanati. Je, barua niipitishe kwa mchungaji au niitume moja kwa moja? Anwani yao ninayo.

Mzee wa Zahanati:
Pitisha kwake, mwanangu, na umwombe aweke saini. Matokeo ya jaribio yaambatanishe, na nakala ya matokeo hayo mpelekee mganga mkuu wa wilaya.