Naomba ushauri: nyenzo za mtandaoni za kufundishia usanisinuru pale umeme na bando vinaposumbua

Mwalimu wa Chamwino

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Biolojia Kidato cha Pili katika shule ya kata wilayani Chamwino, na baada ya wiki mbili ninaingia kwenye usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Mwaka jana niliazima projekta, nikatumia bando langu mwenyewe kupakua video mbili zenye michoro inayotembea, ambamo mwanga unaipiga kloroplasti (kijisehemu cha kijani ndani ya seli ya jani) na sukari inatoka upande wa pili kama unga unavyotoka mashineni. Wanafunzi walitulia kuliko siku yoyote niliyowahi kuwafundisha. Kesho yake nikawauliza swali moja: mbuyu ulioko nyuma ya jiko la shule umepata wapi uzito wake wote ule? Karibu darasa zima likajibu kwamba umeutoa ardhini kwa mizizi. Mmoja akaongeza kwamba mchana mmea hupumua kabonidayoksaidi na usiku hupumua oksijeni, na wenzake wakamwitikia.

Nilichonacho ni simu yangu ya Android, kompyuta mpakato ya ofisi ya taaluma, na umeme ambao siku nyingine haurudi mpaka jioni. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu. Video nyingi ninazozipata ni za Kiingereza cha haraka ambacho hata mimi hulazimika kurudia. Je, nitafute video nyingine zilizo bora zaidi, au kuna namna nyingine ya kutumia vifaa hivi?

Fundi Maabara, Kongwa

Mwalimu, nadhani video zako hazikuwa na tatizo, ila swali la mbuyu lilichelewa. Liulize kwanza, kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari, ndipo uwashe projekta. Mwanafunzi ambaye hajajifunga kwa jibu lolote huitazama video kama anavyotazama tamthilia. Ukishaiwasha, zima sauti, isimamishe kila baada ya nusu dakika na kueleza wewe mwenyewe, jambo ambalo pia linakuondolea shida ya Kiingereza cha haraka.

Kuhusu simu, shauri langu ni kuitumia kurekodi jaribio lenu wenyewe. Changanya kama gramu 1 ya soda ya kuokea katika nusu lita ya maji, kisha weka tone moja la sabuni ya maji. Toboa vipande vya duara kutoka kwenye jani bichi kwa panchi ya ofisini, ukikwepa mishipa mikubwa. Viweke kumi ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, vuta mchanganyiko kidogo, toa hewa iliyobaki juu, ziba mdomo wa bomba kwa kidole na uvute fimbo yake nyuma. Utaona viputo vidogo vikitoka kwenye kingo za vipande. Achia, rudia mara mbili tatu, na vipande vitazama kwa sababu nafasi za hewa ndani ya jani zimejaa maji. Vimimine kwenye glasi yenye mchanganyiko uleule na uiweke juani. Baada ya dakika kadhaa kipande cha kwanza hutikisika, husimama kwa ukingo, halafu hupanda, kwa kuwa oksijeni inayotengenezwa imejaa tena ndani yake. Egemeza simu kwenye tofali na utumie ule mtindo wa kamera unaofupisha dakika ishirini zikawa sekunde chache. Video hiyo ina kivuli cha mwanafunzi wako mwenyewe, na hakuna bando litakaloliwa.

Andaa na glasi ya pili yenye maji yasiyo na soda. Wanafunzi watataka kujua kwa nini vipande vya humo vinachelewa au havipandi kabisa, na kwa kuwa soda ndiyo inayovipa vipande kabonidayoksaidi, hapo gesi hiyo inapata kazi inayoonekana.

Kwa yule wa hewa ya usiku, vipande vikishaelea funika glasi kwa boksi. Gizani usanisinuru unasimama lakini upumuaji unaendelea, hivyo oksijeni inaliwa na vipande huanza kuzama tena. Huchukua muda mrefu zaidi, nami siku ya kwanza nilijisahau nikaiacha simu ndani ya boksi ikirekodi giza kwa dakika arobaini. Funua kila baada ya dakika tano, piga picha moja haraka, ufunike.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Niongeze habari moja ya kale inayofaa swali la mbuyu. Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17 ambaye maandishi yake yalichapishwa mwaka 1648, alipanda mche kwenye chombo chenye udongo alioupima, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ukaongezeka kilo 74 hivi, ilhali udongo ulipungua gramu 57 tu. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyelibuni neno gesi, na bado hakuishuku gesi iliyokuwa ikiuzunguka mti wake. Wape wanafunzi namba hizo mbili bila jina wala hitimisho, waache wabishane kipindi kizima.

Pia msiliache lile jaribio la kutafuta wanga ndani ya jani kwa iodini eti kwa sababu lipo mtandaoni. Iodini mtaipata duka la dawa. Ila spiriti ya kuondolea rangi ya kijani ya jani isiwekwe kamwe juu ya moto: chemsheni maji, zimeni jiko, ndipo mtumbukize kikombe cha spiriti chenye jani ndani ya maji hayo ya moto. Nimeshaona meza ikiwaka kwa sababu ya mwalimu aliyekuwa na haraka, na mwalimu huyo nilikuwa mimi.

Mwanachuo wa Ualimu, Dodoma mjini

Shikamoo mwalimu mstaafu. Kwa upande wa programu ningependekeza phyphox, iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, kwa sababu ni ya bure na ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Katika simu nyingi za Android inasoma kihisi cha mwanga kilicho karibu na spika ya sikioni, hivyo mnaweza kupima mwanga wa darasani, wa chini ya mwembe na wa uwanjani, kisha mkaweka glasi za Fundi mahali pote patatu na kulinganisha vipande vinavyopanda. Wanafunzi hushangaa kwamba darasani, wanapoona kuna mwanga wa kutosha, kipimo ni mamia ya laksi (kizio cha mwanga) tu, wakati jua la saa sita hufikia makumi ya maelfu. Tahadhari moja: laksi hupima mwanga kama jicho la mtu linavyouona, na jicho hupendelea kijani, ambacho jani hukitumia kidogo kuliko nyekundu na buluu. Kwa kulinganisha jua na kivuli, hata hivyo, inatosha.

Kama kuna siku moja yenye mtandao mzuri, ingia NASA Worldview, tovuti ya picha za setilaiti, chagua tabaka la uoto, na uhifadhi picha mbili za Dodoma, moja ya Machi na nyingine ya Oktoba. Setilaiti hutambua uoto kwa sababu klorofili, rangi ya kijani ya jani, hufyonza mwanga mwekundu, na jani huakisi infraredi ya karibu, mwanga tusiouona kwa macho. Siku hiyohiyo weka Kolibri, programu ya masomo, kwenye ile kompyuta mpakato, kwani ukishapakua masomo yake unayafungua bila intaneti. Vitabu vya kiada vipo katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Mwalimu wa Chamwino

Nawashukuru sana. Jana jioni nimejaribu nyumbani kwa majani ya mlenda, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo. Utelezi ukaziba bomba, na vipande vikashikana vyote kama mboga iliyokwisha kuiva. Nitumie jani gani? Na mbuyu wetu kiangazi hauna hata jani moja, wanafunzi wakiniuliza unaishije nijibu nini?

Fundi Maabara, Kongwa

Mlenda uache kwa ajili ya ugali, mwalimu. Chukua spinachi changa ya sokoni, iliyochumwa asubuhi, na uiweke juani kidogo kabla ya kuitoboa. Kuhusu mbuyu, kwangua kidogo gome la tawi changa kwa ukucha mbele yao. Chini yake kuna tabaka la kijani, nalo hufanya usanisinuru hata majani yakiwa hayapo.