Mtoto ako gredi 8, hesabu imemlemea, na mimi mwenyewe aljebra siijui. Nimsaidie aje?

MamaNyalenda
Wadau habari zenu. Niko Kisumu, nauza nguo soko la Kibuye, kijana wangu ako gredi 8 na masomo mengine anajikaza, Kiswahili na sayansi ako sawa kabisa, lakini hesabu ndio inaturudisha nyuma kila muhula. Nimemlipia mtu wa kumfundisha Jumamosi, pesa imeenda na alama ziko palepale. Akiona homuweki ya hesabu tumbo inaanza kumuuma na si uongo, naona vile jasho inamtoka. Shida ni mimi niliishia darasa la nane na hizo x na y hazikuniingia kabisa, so siezi hata kujua kama amepata ama amekosa. Kuna mwenye ameniambia nimpeleke shule ya bweni, jirani naye akasema labda ni kichwa tu haishiki. Mwaka ujao ni KJSEA, ule mtihani wa kumaliza gredi 9. Ushauri tafadhali, matusi hapana.

KijanaWaKondele
Mathe achana na hesabu, wacha afanye kile anaeza. Mimi ilinichapa na bado nakula.

Mwalimu_Lurambi
Huyo hapo juu usimsikize. Hesabu haikwepeki, hata gredi 10 kuna ile ya wanaochukua sayansi na ile nyepesi ya wengine, lakini kila mtu lazima afanye moja. Mama, kabla ujaanza kuhamisha mtoto, chukua daftari lake utuwekee hapa makosa yenyewe. Alama sitaki kuziona. Andika vile alivyoandika yeye.

MamaNyalenda
Sawa mwalimu. Mengi amefuta na raba mpaka karatasi imetoboka. Zile bado zinasomeka ni hizi:
−3 − 5 = 8
1/2 + 1/3 = 2/5
x/2 + x/3 = 10, chini yake 2x/5 = 10, halafu x = 25

Mwalimu_Lurambi
Asante, hapo umetuonyesha kila kitu. Mama, huyo kijana shida yake si aljebra. Angalia hiyo ya mwisho, akishafika 2x/5 = 10 anaendelea vizuri tu, 2x ni 50, x ni 25, hakuna kosa hapo. Kilichomwangusha ni kujumlisha sehemu, yaani hizi 1/2 na 1/3, kitu ya huko nyuma shule ya msingi, na kila kitu ya gredi 8 imejengwa juu yake. Ndio maana huyo wa Jumamosi anamwaga maji kwa ndoo imetoboka.

Anza na hiyo ya kwanza. Ameshika ule wimbo wa "mainasi na mainasi inakuwa plasi" anauimba kila mahali, na ule ni wa kuzidisha. Muulize, mtu akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, la 300 akope tena 500, ukiacha ada yao, anadaiwa ngapi? Atakwambia 800 hata kabla umalize kuuliza. Basi −3 − 5 ni −8, deni juu ya deni.

Ya pili muulize hivi: nusu lita ya maziwa ukiongeza theluthi ya lita, inashuka chini ya nusu aje? Kwa sababu 2/5 ni chini ya nusu. Mwache ashangae kwanza, usikimbilie kumwambia. Halafu akate lita vipande sita, nusu ni 3/6 na theluthi ni 2/6, jumla 5/6. Akishika hiyo, ile ya x ni kuzidisha kila kitu kwa 6, inakuwa 3x + 2x = 60, x ni 12.

Na hiyo raba ficha. Akikosa apige mstari mmoja aandike chini yake. Hata KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, njia ina alama zake.

MamaNyalenda
Nimekupata, lakini mimi nitajuaje 12 ndio sawa na 25 sio?

Mwalimu_Lurambi
Mwambie arudishe jibu kwa swali. Nusu ya 12 ni 6, theluthi yake ni 4, jumla 10, imelingana. Sasa jaribu 25, nusu yake pekee ni 12 na nusu, imeshapita 10 na bado hata hujaongeza. Hiyo haitaki aljebra mama, ni hesabu ile unafanya hapo Kibuye siku nzima.

Dada_wa_Free_Area
Kutoka Nakuru hapa. Muulize pia anaketi wapi darasani na kama anaona ubao, wangu ilikuwa macho na tulikuwa tunamgombeza bure. Halafu maswali ya maneno, kwa vile Kiswahili anajua, mwambie akueleze swali kwa Kiswahili ama Kijaluo kabla ashike kalamu. Mpe hii ya kwako: shati imepunguzwa asilimia 20 ikauzwa 960, bei ya kwanza ilikuwa ngapi? Na please usiwahi mwambia ati hata wewe hesabu ilikushinda, ataichukua kama urithi.

MamaNyalenda
Ubao anasema anaona poa, lakini nitampeleka apimwe tu. Ya Fuliza amecheka akasema "kwani ni hiyo tu?" Ya shati amepata 1152. Nimemwambia atoe asilimia 20 kwa hiyo 1152 aone kama inarudi 960, inamletea 921 na ushee, saa hii anakuna kichwa lakini tumbo hajaitaja. Huyo wa Jumamosi nimwache ama?

Mwalimu_Lurambi
Mpe hilo daftari umwambie arudi kwa sehemu na namba hasi. Akikataa ati lazima afuate ya gredi 8, wachana naye.

KijanaWaKondele
Ngoja kwanza, hata mimi nimepata 1152 😂 kwani ni ngapi?

Dada_wa_Free_Area
1200. Hiyo 20 ilitolewa kwa bei ya kwanza, wewe unaongeza 20 ya 960. 960 ni asilimia 80, so asilimia 10 ni 120, zidisha mara kumi.

KijanaWaKondele
Eh. Na vile nimekuwa nikinunua viatu.